Kanzu Iliyochovywa Damu

Masomo: Mwanzo 37:18–35, Mwanzo 45:25–28



Habari ya Yusufu na ndugu zake tumeisikia tangu tulipokuwa watoto wa Shule ya Jumapili, na kwa kuwa tumeizoea, yamo mambo ndani yake ambayo twayapita bila kuyatazama. Mojawapo ni hili. Katika aya ya 20 wale ndugu walipatana kwamba watasema mnyama mkali amemla. Lakini siku ilipofika ya kumkabili mzee, hatusomi kwamba walilitamka neno hilo. Walimchinja mbuzi, wakaichovya kanzu katika damu yake, wakaipeleka kwa baba yao, wakamtaka aitazame aone kama ni ya mwanawe au siyo.

Kanzu ilikuwa ya kweli. Damu ilikuwa damu kweli. Hata swali lao halikuwa na uongo. Mzee Yakobo akaitazama, akaitambua, na habari ya mnyama mkali akaisema kwa kinywa chake mwenyewe. Wanawe hawakuwa na haja ya kuongeza neno. Walikuwa wamempa kitu cha kutazama, nacho kikatosha.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu ya barua niliyoandikiwa na binti mmoja wa parishi yetu anayesomea ualimu. Ameniruhusu niieleze, mradi nisitaje jina lake, wala la chuo, wala la shule alikokwenda kwa mazoezi ya kufundisha. Wanafunzi wa ualimu wakirudi kutoka mazoezi hutakiwa kufanya mambo mawili: kwanza kuwasilisha mbele ya wenzao yale waliyoyafanya, kwa slaidi na projekta; kisha kuandika tafakuri, yaani kujipima kwa maandishi, nini kilikwenda vizuri na nini hakikwenda. Mada yake ilikuwa matumizi ya zana katika kufundisha kusoma. Alitengeneza kadi za silabi, akawafundishia Darasa la Tatu waliochelewa kusoma, na siku moja akalipiga picha darasa zima kwa simu yake.

Picha ilitoka vizuri, ila nyuma kabisa, chini ya ukuta, walionekana watoto tisa walioketi sakafuni kwa kukosa madawati. Mwalimu mkuu alikuwa amemwomba mapema asiitie shule aibu, kwa maana picha za namna hiyo huzunguka kwenye simu za watu na kuchekwa. Naye mwenyewe aliona slaidi itapendeza zaidi bila hao. Basi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, akafungua simu, akawapitishia kidole wale tisa mmoja mmoja, na simu ikawafuta. Palipokuwa na watoto ikajaza ukuta na saruji. Chini ya picha akaandika: "Wanafunzi wa Darasa la Tatu wakisoma."

Angalieni maneno hayo. Yana uongo gani? Hakuna hata mmoja. Walikuwa wa Darasa la Tatu, na walikuwa wakisoma.

Alisifiwa. Mkufunzi alisema darasa linaonekana lina mpangilio. Hakuna aliyeuliza kitu. Ilipofika wiki ya kuandika tafakuri, akatakiwa aeleze habari za mtoto mmoja ambaye maendeleo yake yalimshangaza. Hapo hapo akamkumbuka mtoto wa kike aliyeanza bila kujua kutenganisha "ba" na "da", na mwezi wa pili akasoma ukurasa mzima. Akataka kumtazama tena ili aandike vizuri, akaifungua picha ile. Yule mtoto alikuwa mmoja wa tisa. Aliona ukuta.

"Mwalimu," aliniandikia, "nilitaka kumsifu mtoto niliyemwondoa. Sasa nifanye nini, na maksi nimekwisha kupewa?"

Mtu akiisoma barua hii haraka atasema ni jambo dogo la watoto wa siku hizi na simu zao. Mimi sioni hivyo, na ningependa tulitazame pamoja, kwa kuwa ufundi huu sasa umo mifukoni mwetu sote. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa simu yenye kifutio cha namna hii, na tangu hapo simu nyingine nyingi zimekuwa nacho. Kazi ambayo zamani ilihitaji fundi na siku nzima, sasa hufanywa na kidole cha mtu asiyejua lolote la picha.

Ufundi wenyewe si mpya. Huko Urusi, Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akitembea pamoja na Stalin kando ya mfereji unaounganisha Moscow na mto Volga. Mwaka 1939 alikamatwa, na 1940 akauawa. Picha ile ikatolewa upya, na mahali aliposimama pana maji ya mfereji tu. Mafundi waliifanya kwa mkono, kabla kompyuta haijafika kazini humo. Kisha kompyuta zikaja. Mwezi wa Februari 1982 gazeti la National Geographic la Marekani lilitoa picha ya piramidi za Giza katika jalada lake. Picha ilikuwa pana, na jalada ni refu; wakaisogeza piramidi moja karibu na mwenziwe ili zote zienee. Lawama zikawa nyingi, ingawa hakuna aliyeumia. Wakati ule mashine za kufanya hivyo zilikuwa za makampuni makubwa. Ilipofika mwaka 1990 ikatoka programu ya Photoshop, iliyotungwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Thomas alipoianza alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan. Kutoka hapo mlango ulifunguka kwa kila mtu.

Sasa nisieleweke vibaya. Wenye umri wangu watakumbuka studio za picha za mjini. Nyuma ya kiti lilitundikwa pazia lililochorwa bahari na minazi, au ndege, au ngazi za jumba la kifahari. Palikuwa na koti moja msumarini kwa wateja wote, na simu ya mezani isiyokwenda popote. Ulipigwa picha umeishika sikioni, nayo ikapelekwa kijijini, bibi akaitundika ukutani. Je, bibi alidanganyika? Hata kidogo. Alijua pazia ni pazia, akafurahi kwamba mjukuu ni mzima na amenenepa. Siku hizi vijana wa steshenari humvalisha marehemu suti kwa kompyuta ili picha ya mazishi ipendeze. Nimepata kusimama mbele ya picha ya mzee ambaye maishani mwake sikumwona na tai, naye pale ameifunga kuliko Padre. Watu walitabasamu katikati ya machozi. Sioni dhambi hapo, ingawa wanangu nimewaambia waniache na shati langu.

Kwa hiyo kubadilisha picha peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwongo. Pazia la studio halikumpeleka bibi mahali pasipo kweli, kwa sababu mpigaji na mtazamaji walikuwa na habari moja. Kanzu ya Yusufu ilimpeleka Yakobo kaburini kwa mtu aliye hai, kwa sababu wanawe walikuwa na habari ambayo yeye hakuwa nayo, na walijua atakachofikiri. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kudhani kwamba shahidi ni lazima afungue kinywa. Wale ndugu kumi hawakuwa na haja ya kukifungua.

Lakini je, mwalimu mkuu hana haki? Swali hili ni gumu kuliko lile la kwanza, na sitalirukia. Yule mzee ana watoto wengi kuliko madawati, na hakuna aliyemuuliza alale vipi usiku. Anajua kwamba picha ikitoka, atakayeulizwa ni yeye, si wale wanaopaswa kuleta madawati. Na Maandiko yenyewe yanawasifu Shemu na Yafethi, walioingia kinyumenyume na kumfunika baba yao Nuhu ili uchi wake usionekane. Tena kuwalinda watoto ni wajibu. Mzazi aliyempeleka mwanawe shule hakumpeleka ili uso wake uzunguke kwenye simu za watu asiowajua.

Nikafikiri sana juu ya hilo, na nikaona neno lililo katika habari ya Nuhu: walimfunika. Kufunika si kufuta. Ukimfunika mtu shuka, kila anayeingia chumbani ajua kuna mtu chini ya shuka, naye ataheshimu. Picha ya darasa ambayo nyuso za watoto zimetiwa ukungu inamwambia mtazamaji, "Hapa wapo watoto, nawe huna ruhusa ya kuwajua." Hiyo ni heshima, na ni kweli. Aliyefuta hakuacha shuka. Aliacha ukuta mtupu na saruji, na mtazamaji akaondoka akiamini kwamba kila mtoto wa darasa lile ana dawati.

Aidha angeweza kuiacha picha ile na kupiga nyingine kwa upande, ikaonyesha kadi za silabi na watoto watatu wa mbele. Hapo wapo watakaosema ni yale yale, kwa kuwa kila picha ina kingo zake na nje ya kingo daima kuna kitu. Ni kweli kila picha inaacha kitu. Lakini yatupasa tujiulize tunaacha nini, na aliyeachwa angesema nini kama angekuwapo. Mwezi wa Januari 2020, huko Davos, Uswisi, wasichana watano wanaotetea mazingira walipigwa picha wamesimama pamoja, na mmojawapo ni Vanessa Nakate wa Uganda, jirani zetu. Alisimama mwisho wa mstari. Shirika la habari la Associated Press liliitoa picha baada ya kuikata upande wake, wakabaki wanne, wote Wazungu. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nyuma yake palikuwa na jengo lililoharibu mpangilio wa picha. Labda aliyekata hakuona kingine ila jengo. Lakini yule binti alisafiri kutoka Kampala kusema habari za Afrika, na ulimwengu ukaonyeshwa kwamba Afrika haikuwapo. Alisema wazi jinsi alivyoumia, na shirika likaomba radhi.

Hapo hakuna kilichochorwa wala kuongezwa. Mkato mmoja tu wa kingo.

Nami kama mwalimu wa zamani nina neno juu ya slaidi. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kutengeneza zana kwa vitu vilivyopo. Tulikata mifuko ya saruji, tukaigeuza upande wa ndani, tukaandika kwa mkaa na rangi za majani, tukagundisha kwa uji wa muhogo. Ng'ombe wangu walifanana na mbwa, na wanafunzi walinicheka miaka yote. Lakini mtoto alipomwona mwalimu akichora ubaoni, mstari baada ya mstari, alijua huyu ni ng'ombe wa Mwalimu, si ng'ombe mwenyewe, na kama miguu ilikuwa mitano alinyoosha mkono. Slaidi haimpi nafasi hiyo. Picha inatokea mara moja, kamili, kubwa kama mlango, inang'aa gizani, na kabla hajaisoma imepita. Aliyekaa mbele ya projekta anaamini kwanza, na akiuliza ni baadaye. Kwa sababu hiyo anayefundisha kwa slaidi ana deni kubwa kuliko sisi wa chaki. Imempasa aseme picha ni ya wapi, ya mwaka gani, nani aliipiga, na kama amegusa kitu aseme amegusa nini. Maneno hayo yanaenea mstari mmoja chini ya picha. Na siku hizi anayeokota picha kwenye intaneti aangalie mara mbili, maana zipo zisizokuwa na mpigaji kabisa. Mwaka 2023 watu wengi waliamini picha ya Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki 2025, akiwa amevaa koti kubwa jeupe la baridi la kisasa. Hakuwahi kulivaa. Picha iliundwa na kompyuta kwa maneno aliyoandikiwa na mtu.

Turudi kwa Yakobo, maana hasara kubwa iko katika somo la pili. Nimewahi kuwapa wanafunzi hesabu hii. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17. Alisimama mbele ya Farao akiwa na 30. Ikapita miaka 7 ya shibe na 2 ya njaa ndipo alipojitambulisha kwa nduguze. Jumla ni kama miaka 22 ambayo mzee aliishi na kanzu ile. Na katika miaka hiyo, imeandikwa, wanawe walikuja kumfariji. Wale wale! Waliketi naye msibani, wakijua. Sidhani ipo adhabu waliyoipata Misri iliyozidi hiyo ya kumshika baba mkono na kunyamaza.

Kisha walirudi kutoka Misri na habari ya kweli: Yusufu yu hai. Na mzee hakuwasadiki. Moyo wake ulizimia. Waliomwonyesha kitu cha uongo akaamini, sasa walimwambia kweli akakataa, mpaka alipoyaona kwa macho yake magari aliyoyapeleka Yusufu. Hivi ndivyo yalivyo mambo haya mpaka leo. Tarehe 10 Machi 2024 ilitolewa Uingereza picha ya Binti Mfalme wa Wales na watoto wake watatu. Siku ile ile mashirika makubwa ya habari yaliiondoa, kwa sababu mkono wa sweta la mtoto mmoja haukuungana sawasawa. Kesho yake mama mwenyewe alikiri kwamba huwa anajaribu kuhariri picha, akaomba radhi. Kasoro ilikuwa ndogo. Lakini watu waliokwisha kuona mkono ule wakaanza kutilia shaka kila kitu kingine kilichosemwa juu yake, naye kumbe alikuwa mgonjwa kweli.

Binti yetu naye, angekwenda kesho yake ofisi ya elimu akaseme darasa lile linahitaji madawati, angeonyesha picha gani? Ile iliyosifiwa inasema madawati yanatosha.

Nilimjibu hivi. Nilimwambia maksi ni za mkufunzi, azirudishe kwa mkufunzi. Aende mwenyewe, asitume ujumbe wa simu, na abebe picha zote mbili. Lakini kabla ya hapo apande basi aende kwa mwalimu mkuu, kwa shikamoo na kwa adabu, amweleze anachotaka kufanya na kwamba nyuso za watoto atazifunika na jina la shule hatalitaja, ili yule mzee asije akaisikia habari yake kwa watu. Nikamwambia pia kwamba tafakuri aiandike juu ya yule mtoto wa kike, na aseme aliketi wapi.

Alikwenda. Mkufunzi alimpunguzia maksi, na kwa haki. Kisha akamwomba azionyeshe picha mbili mbele ya darasa, moja baada ya nyingine, bila kusema kitu, wenzake watafute kilichobadilika. Anasema walikaa muda mrefu wakitazama ukuta wa nyuma, wakautaja ufa, wakataja dirisha. Kisha mmoja akasema, "Watoto," na darasa likanyamaza. Baada ya kipindi wenzake wanne walimfuata pembeni wakamwambia na wao wamefuta vitu katika picha zao, kila mmoja na chake.

Mwalimu mkuu hakupendezwa. Aliyasikiliza yote, akasema afanye apendavyo, na tangu siku hiyo salamu zake hazijibiwi. Binti anaumia kwa jambo hilo, na mimi sikumwambia kwamba litapita upesi. Tumwombee yule mwalimu, maana mzigo alioutaka ufichwe bado uko sakafuni, watoto tisa, na mwaka huu huenda wamezidi.

Kadhalika nina tangazo. Baraza la Parishi limeniomba nikusanye picha za zamani za kanisa letu kwa ajili ya maonyesho ya kumbukumbu. Kama unayo picha ya kipaimara, ya harusi, ya ujenzi au ya kwaya, ilete kwangu au kwa Katibu baada ya ibada, nasi tutaipiga nakala na kukurudishia. Tafadhali usiikate wala usiipeleke steshenari kusafishwa. Ikiwa imepasuka, ilete imepasuka. Nyuma yake andika kwa penseli mwaka na majina ya wote unaowakumbuka, kuanzia mkono wa kushoto, pamoja na yule wa mwisho ambaye ameonekana bega tu.

Wenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu